Mtani Wangu na Kiti cha Turubai

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili msomaji ajue anamsoma nani. Mpanda nilifika juu ya behewa la kokoto, reli ikiwa bado inatandikwa kutoka Kaliua, nina blanketi moja na madarasa mawili ya shule ya misheni. Nimebeba mataruma ya reli mpaka bega langu la kulia likashuka kuliko la kushoto, na hadi leo fundi cherehani akinipima koti anaguna. Nimeshuka mgodini kuchimba madini ya risasi. Nimewauzia wachimbaji dagaa wa Ikola, kwanza kwa kichwa, halafu kwa baiskeli, halafu kwa kukodi nafasi katika gari la watu. Mwisho nikanunua lori langu mwenyewe la tani tatu, mkono wa pili, nikalipaka mbao zake rangi ya kijani kwa mkono wangu. Simba nimemkuta amelala katikati ya barabara, nikampigia honi kama mbuzi. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Kwa hiyo mzungu yule aliposhuka kwenye treni wakati wa kiangazi, miaka hiyo ya hamsini, akanieleza kazi yake, sikushangaa. Alitumwa na kampuni moja ya mbali inayotembeza matajiri. Kazi yake ni kuzunguka nchi akitafuta mahali pazuri ambapo matajiri hao watajengewa vibanda, watazame wanyama, waoge, wavue samaki, kisha warudi kwao wakasimulie.

"Watalipa ili walale porini?" nilimuuliza.

"Watalipa sana," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini kilieleweka.

Mimi nimelala porini miaka mingapi, wala hakuna aliyewahi kunidai.

Alilikodi lori langu kwa siku nane. Halafu, pale pale stesheni, akaniambia neno lililoninyima usingizi. Safari ikiisha atachagua mtu mmoja wa huku awe msimamizi wa kambi. Huyo ndiye atakayejenga vibanda, ndiye atakayewapokea wageni kila kiangazi, ndiye mwenye kuamua gari la nani libebe mizigo na nani apike. Ataachiwa barua yenye muhuri.

Mtu huyo nilimjua. Jioni ile nilikwisha kumwambia mke wangu atafute mahali pa kutundika barua.

Nilijiandaa kama mtu wa cheo. Nilivaa koti la kaki, saa mkononi, na juu ya mizigo nikapakia kiti changu. Kiti hiki lazima nikieleze. Kilikuwa cha kukunja, mbao nyekundu na turubai la kijani, na mahali pa kuegemeza mikono. Nilikinunua mnadani kwa shilingi sita, siku bwana mmoja wa mgodini alipokuwa anafunga virago kurudi kwao. Mpanda nzima hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye kiti kama hicho. Nikienda Ikola kuchukua dagaa nilikuwa nakikunjua kando ya gari, nakaa, nanunua nikiwa nimekaa. Wenye dagaa hushusha bei wenyewe wakiona mtu amekaa namna ile.

Tulikuwa watatu: mimi, mzungu, na mpishi, mzee wa Kiislamu wa pwani ya ziwa, mtu wa maneno machache lakini yote yana pilipili. Mimi aliniita Tajiri, kama wanavyoitwa wenye magari. Mzungu aliniita Dreva. Nikamweleza mara mbili kwamba dreva ni mtu wa kuajiriwa, mimi gari ni langu. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Haya Dreva, twende."

Tulipofika Sitalike, kwenye daraja la mto, kulikuwa na mtu amechuchumaa kando ya barabara anatungoja. Mfupi, miguu mitupu, shoka begani, nguo zake zimekolea moshi. Mzungu akasema simamisha. Kumbe alikuwa ameambiwa na watu wa misitu kwamba yuko mrina asali mmoja wa upande wa Kibaoni anayejua kila maji ya nchi hii, yanayokauka na yasiyokauka. Akamwita aje mbele. Mbele! Katika lori langu mbele hakuwahi kukaa mtu wa kunuka moshi. Mpishi mwenyewe, na umri wake, alikuwa nyuma pamoja na kiti changu.

Mrina akapanda, akakaa katikati yetu, akanitazama usoni.

"Wewe si wa hapa. Wa wapi?"

Nikamwambia kwetu na ukoo wetu. Akapiga magoti yake kwa viganja.

"Alaa! Mtumwa wangu! Mtumwa wangu amenunua gari, basi leo nimepata gari!"

Hapo nikajua ni mtani. Watu wa kwetu na watu wa kwao ni watani tangu babu zetu walipokuwa wapagazi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako uani, na wewe kwake vivyo hivyo. Sharti ni moja tu. Hakuna kukasirika. Anayemkasirikia mtani wake amejivua nguo mwenyewe, na alichochukuliwa hakirudi tena.

"Kaa vizuri, mjukuu wa mbwa," nikamjibu, "usije ukatapika, maana hujawahi kupanda kitu chenye magurudumu."

"Nimepanda mgongo wa baba yako," akasema.

Mpishi alicheka huko nyuma mpaka sufuria zikalia. Mimi pia nilicheka. Siku ile ya kwanza nilicheka kwa moyo.

Tatizo lilianzia kwenye viboko. Pale Sitalike kiangazi mto unabaki madimbwi, na viboko wanalaliana topeni kama magunia ghalani. Mzungu akatoa daftari lake. Alitaka kujua wanakaa miezi mingapi, wanatoka saa ngapi, mtu akae wapi asikanyagwe. Nikafungua mdomo nijibu, kwa sababu nimepita pale mara mia. Lakini mtu anayepita na gari anaona nini? Nikasema, "Viboko ni wengi sana, bwana." Mrina yeye akaokota kijiti akachora chini: hapa njia yao ya usiku, hapa majani wanayokula, hapa upepo unatoka upande huu mpaka mvua za kwanza, kwa hiyo kibanda kisikae huku. Mzungu akaandika ukurasa mzima. Akamwambia, "Vizuri sana, Fundi."

Fundi! Mimi mwenye gari ni Dreva, na mwenye shoka ni Fundi.

Tangu hapo nikaanza kuhesabu. Siku ya pili alipewa chai kwenye kikombe cha bati cha mzungu mwenyewe, mimi nikapewa kwenye kikombe cha mpishi. Siku ya tatu, kwenye mbuga ya Katavi, nyati wameifunika nchi mpaka huoni nyasi, mzungu akavua darubini shingoni akamvisha yeye atazame kwanza. Aliitazama mbuga, kisha akaigeuza darubini akanitazama mimi.

"Mtani, kumbe una pua kubwa hivi!"

Mzungu akacheka. Hakuelewa utani wetu, lakini kwa kicheko cha yule mtu kila mtu alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichokuwa kinanichoma. Angekuwa mtu wa kujipendekeza ningemdharau nikalala. Hakujipendekeza. Alikuwa anakaa tu, na watu wanamsogelea.

Siku ya nne nilitaka kurudisha heshima yangu. Mzungu alitaka kuona Maji Moto, huko Mpimbwe, maji yanayotoka ardhini yakiwa na joto lake, maana alisema matajiri wanapenda sana kuoga maji ya namna hiyo. Nikasema haraka kabla mrina hajafungua mdomo, "Napajua. Nitawafikisha mimi." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia habari zake tu Kibaoni, kwa wanunuzi wa mpunga. Lakini barabara ni barabara, nikasema nafsini mwangu, zote zinafika.

Ile haikufika. Tulizama kwenye udongo mweusi wa mbuga, juu yake mkavu, chini uji. Tukachimba kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi, mbung'o wanatuuma juu ya jasho. Mrina alichimba kuliko sisi wote. Tulipotoka akaniuliza polepole, sauti ya chini mzungu asisikie:

"Mtani, hupajui, sivyo?"

"Napajua. Nimechanganya njia."

"Haya. Basi nikukumbushe." Akashuka, akatangulia kwa miguu mbele ya gari, shoka begani, mimi namfuata na gia ya kwanza kama ng'ombe anayeongozwa. Haikupita saa tukauona moshi wa maji.

Mzungu akavua viatu. Mrina akamshika mkono akimwonyesha, hapa panaunguza, weka mguu hapa. Wakakaa wawili wale, suruali zimekunjwa, miguu majini, wanacheka kama ndugu. Mimi nilikuwa nafuta tope kwenye taa za gari. Mpishi akaja akasimama karibu yangu.

"Tajiri, unaifuta taa hiyo hiyo tangu tufike."

"Ni chafu."

"Mh," akasema mpishi. "Kuna uchafu hautoki kwa kitambaa."

Tulipoanza kurudi, mrina aliomba tusimame kwenye miombo, palikuwa na mizinga yake. Akapanda mti na moshi wake, akashuka na masega, akayajaza kwenye kilindo, pipa dogo la gome la mti lenye mfuniko wake. Akaeleza kwamba mama mkwe wake anaishi Ikola, ambako ndiko tungemalizia safari, na hajamwona tangu mazishi ya baba mkwe wake. Kwao mtu haendi kwa mama mkwe na chombo kisichojaa. Chombo pungufu maana yake unasema binti uliyepewa amepungua.

Nililisikia hilo vizuri kabisa. Siwezi kusema sikulisikia.

Tukapita Mpanda, tukashika njia ya ziwani, tukalala njiani. Asubuhi mapema mrina alipokwenda kutafuta maji, nikafungua kilindo, nikamimina asali kwenye bakuli langu la bati. Nilidhamiria kidogo. Lakini asali ikianza kumiminika haina breki, na mkono wangu nao haukutaka breki. Ikaenda nusu. Nikaliweka bakuli mbele ya mzungu pamoja na mkate wake.

Akaonja, akafumba macho. "Dreva! Nzuri sana! Umeipata wapi?"

"Porini, bwana. Nimeirina mwenyewe alfajiri."

Mpishi aliinama juu ya moto wake kama anayetafuta sindano. Mrina akatokea na ndoo ya maji, akaliona bakuli, akakiona kilindo. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mtani, nimekula vyako!" Kwa sheria ya utani nilikuwa nimeshajisafisha. Mtani haibi.

Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Kisha akacheka. "Umekula, mtumwa wangu. Kula. Na mimi nitakula."

Njia nzima nilikuwa na furaha. Mzungu aliniuliza habari za nyuki mpaka tunateremka mlima, na mimi nikajibu kwa yale niliyoyasikia kwa mrina jana yake, naye mrina amekaa katikati yetu, anatazama mbele. Niliiona barua na muhuri wake. Nikauona na msumari ukutani.

Ikola tulifika mchana. Ufukweni dagaa walikuwa wameanikwa mchangani kama mkeka wa fedha, akina mama wanawageuza kwa fagio, mitumbwi imevutwa juu. Mzungu alipendezwa na mchanga, harufu ikampa shida. Akauliza kama dagaa wanaweza kuhamishwa. Mpishi akamjibu, "Wageni wahamishwe, bwana. Dagaa walitangulia."

Mrina alishuka na kilindo chake akaenda kwa mkwe. Mimi nikateremsha kiti, nikakikunjua, nikaenda kujitafutia maji ya kunywa. Niliporudi nikakuta watu wamekusanyika. Mrina amekaa kwenye kiti changu. Mikono ameiegemeza pale pa kuegemeza mikono, miguu yake mitupu ameinyoosha. Mzungu amesimama pembeni anatabasamu.

"Mtani," mrina akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia, "nimetoka kwa mama mkwe na chombo nusu. Ameniuliza nusu ya binti yake iko wapi. Nimemwambia ameila mtumwa wangu. Basi kiti hiki ndicho nusu ya kilindo. Nimekila!"

Akina mama wa dagaa wakapiga vigelegele. Ulikuwa utani mzuri, nakiri leo. Nilichotakiwa kufanya ni kitu kidogo sana: kucheka, kumtukana babu yake, na kesho yake nikachukua shoka lake. Kila mtoto wa kwetu anajua. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanangu.

Lakini nilimtazama jinsi alivyokaa. Kiti kilimkubali. Mimi nilipokuwa nakaa, siku zote nilikuwa najua kwamba nimekaa kwenye kiti cha mzungu. Yeye alikikalia kama kigogo cha mti. Mzungu naye alimwangalia kama mtu aliyekwisha kumwona kwenye kibaraza cha kambi.

Nikakishika kiti kwa nyuma, nikakipindua.

Mrina akaanguka ubavu ndani ya dagaa. Vigelegele vikakatika kama uzi. Nikasikia sauti yangu inapiga kelele, "Ondoka kwenye mali ya watu! Mwizi mkubwa we!" Neno hilo mtu hamwambii mtani. Mwizi ni mtu baki.

Mrina akainuka taratibu, akajipukuta dagaa kifuani. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningempa nini ili awe na hasira! Akasema tu, kwa huruma, kama anayetangaza msiba:

"Mtani amekasirika."

Akina mama wakarudi kwenye mafagio yao mmoja mmoja. Hakuna aliyenitazama. Mpishi akakiokota kiti, akakikunja, akampa mrina mkononi. "Tajiri," akaniambia, "umeharibu."

Mzungu alimwita mpishi kando. Waliongea muda mrefu kando ya mtumbwi. Nilimwona mpishi anaonyesha kwa mikono kilindo, bakuli, mti, moshi, na mzungu anafungua daftari, anatafuta ukurasa, anakata mstari. Nadhani ulikuwa ukurasa wa asali yangu.

Tulirudi Mpanda siku ya nane. Mzungu alinilipa haki yangu yote ya gari, akanipa mkono. "Gari zuri, Dreva. Asante." Barua alikuwa ameshaiandika. Alimpa mrina, ambaye hajui kusoma, naye akaikunja akaiweka ndani ya kofia yake.

Mke wangu aliniuliza, "Msumari niupigilie wapi?"

Kiangazi kilichofuata kambi ilisimama kweli, karibu na mto, vibanda vinne vya nyasi, wageni wakaja. Mizigo yao ilibebwa na Mhindi mmoja wa sokoni. Mimi nilikaa miaka miwili sipiti njia ile, nikawa nakataa mizigo ya Kibaoni nikisingizia springi za gari. Halafu mwaka wa tatu Mhindi akaharibikiwa na gari lake, akaniomba nimpelekee magunia ya unga na sementi kambini. Alinilipa kabisa kabla sijaondoka. Nikasema nafsini mwangu, nenda, hakuna kitu cha kukushangaza wewe.

Nilimkuta mrina mbele ya vibanda. Amevaa kaptula mpya, miguu bado mitupu. Amekaa kwenye kiti changu. Turubai limepauka, mbao ya mkono mmoja imefungwa kamba ya gome.

"Mtumwa wangu!" akainuka. "Umepotea! Karibu chai." Alifurahi, nawaambia. Alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. Hakuwa na kinyongo, na hilo lilinikaa kooni kuliko barua, kuliko kambi. Akaniletea kigoda nikae. Kigoda! Yeye akarudi kwenye kiti.

Nilikunywa chai nusu, nikashindwa.

"Niuzie hicho kiti."

"Kiti cha nusu kilindo? Mtani, hiki kimezeeka. Mjini watakuuzia kipya."

"Nataka hicho. Taja bei."

Akanitazama kama siku ile ya asali, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nadhani aliniona mpaka chini. Kisha utani ukamrudia usoni.

"Bei ya mtani inajulikana. Yote iliyo mfukoni. Usibakize hata ya kununua kiberiti."

Ningeweza kucheka. Hata siku ile mlango ulikuwa wazi, ningecheka, nikamaliza chai, nikaondoka mtu mzima na pesa zangu. Badala yake nilisimama, nikageuza mifuko ya koti la kaki, wa kulia na wa kushoto, nikaziweka zote juu ya boneti la lori, na yeye akazihesabu kwa sauti wakati wapishi wa kambi wanasikiliza: noti nne za ishirini, noti moja ya kumi, shilingi saba za chuma, na senti kumi tatu zenye tundu. Kiti cha shilingi sita, nilichokipindua kwa mkono wangu mwenyewe, kikarudi juu ya lori langu kwa shilingi tisini na saba na senti thelathini.